Sifongo wa baharini na maziwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wa pwani humkanyaga sifongo maji yakikupwa bila kujua kwamba wamemkanyaga mnyama. Majibu haya yanamfuata kiumbe huyo kwa jambo moja linaloeleza karibu kila kitu chake: kazi ya maisha yake ni kupitisha maji mwilini. Chakula, uzazi, umbo na hata dawa tunazozipata kwake vinatokana na kazi hiyo.

Sifongo ni mmea au mnyama?

Ni mnyama. Seli zake hazina kuta ngumu kama za mimea, hali kwa kutegemea jua, na mwili wake una kolajeni, protini ileile inayoshikilia ngozi na kano za binadamu. Shaka ilidumu karne nyingi kwa sababu sifongo aliyekomaa hubaki pale alipojishikiza, na ukimgusa huoni akishtuka. Mwaka 1825, Robert Grant wa Edinburgh aliweka kipande cha sifongo hai majini, akakitazama kwa hadubini, akaona maji yakitoka kwa nguvu kwenye tundu moja huku yakibeba chembe za uchafu. Kitu kilikuwa kinayasukuma kutoka ndani. Mmoja wa vijana waliojifunza viumbe vya baharini kwa Grant muda mfupi baadaye ni Charles Darwin.

Leo zaidi ya aina 9,000 zimeshaelezwa kisayansi, na wataalamu wanazipanga katika makundi manne. Kundi kubwa, lenye zaidi ya asilimia 80 ya aina zote, ni la demosponji. Yapo pia ya sifongo wa chokaa, sifongo wa kioo, na kundi dogo la homoskleromofa.

Kama hana moyo, tumbo wala misuli, mwili wake una nini?

Una seli zinazogawana kazi. Nje kuna tabaka jembamba la seli bapa. Katikati kuna utomvu mzito wenye kolajeni, na ndani yake zinatembea seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine kadiri mwili unavyohitaji. Ndani kabisa, kwenye vyumba vidogo sana, kuna seli zenye mjeledi mmoja uliozungukwa na kola ya nywele laini. Hizi za kola ndizo injini.

Mifupa yake ni miiba midogo iitwayo spikuli, iliyotengenezwa kwa silika (madini yanayofanya kioo) au kwa chokaa kutegemea kundi. Demosponji wengi huongezea nyuzi za protini iitwayo sponjini, na wachache wana sponjini peke yake bila mwiba hata mmoja. Hao wachache ndio walioingia bafuni kwetu. Umbo la mwiba ni muhimu kwa wataalamu, kwa sababu sifongo wawili wanaofanana kabisa kwa macho wanaweza kutofautishwa kwa miiba yao chini ya hadubini, ilhali rangi na umbo la nje hubadilika kufuata mawimbi na mwanga.

Anakulaje bila mdomo?

Ngozi yake ina maelfu ya vitundu. Mijeledi ya seli za kola inapopiga, maji huvutwa kupitia vitundu hivyo, hupita kwenye mifereji inayozidi kuwa myembamba, hufika kwenye vyumba vya kola, kisha hukusanyika na kutokea kwenye tundu kubwa la juu. Kola ndizo zinazonasa chembe ndogo zaidi, hasa bakteria na viumbe wengine wa seli moja. Chembe kubwa kidogo humezwa na seli za mifereji kabla hazijafika huko. Mmeng'enyo wote hufanyika ndani ya seli mojamoja.

Kinachonivutia zaidi hapa ni hesabu ya mwendo. Mjeledi mmoja ni dhaifu mno, lakini vyumba ni vingi kupita kiasi, na ukijumlisha upana wao wote unazidi sana upana wa tundu la kutokea. Kwa hiyo maji hupita polepole vyumbani, kola zikapata muda wa kunasa chakula, halafu yakifika kwenye njia nyembamba ya kutokea huongeza kasi na kurushwa mbali. Hivyo sifongo havuti tena maji aliyokwisha kuyachuja. Zaidi ya hapo, mkondo wa bahari unaopita juu ya tundu humsaidia kuvuta maji ndani, kama upepo unavyovuta moshi juu ya dohani. Steven Vogel alilionyesha hilo katika miaka ya 1970, na ndiyo sababu moja sifongo wengi wamesimama wima, tundu likiwa juu penye mkondo mkali.

Kwa siku moja sifongo hupitisha maji yenye ujazo wa maelfu ya mara ya mwili wake, na baadhi ya aina hunasa zaidi ya asilimia 90 ya bakteria waliomo.

Wapo sifongo wanaokula wanyama wengine?

Wapo. Mwaka 1995 Jean Vacelet na Nicole Boury-Esnault waliripoti kuhusu sifongo mdogo wa pango moja la bahari huko Ufaransa, ambaye hana vyumba vya kola wala mifereji. Ana nyuzi zilizojaa miiba midogo iliyopinda. Uduvi akigusa nyuzi hizo hunaswa, kisha seli za sifongo humzingira na kumyeyusha taratibu kwa siku kadhaa. Ndugu zake wengi wanaishi kwenye kina kikubwa, ambako maji hayana chembe za kutosha na kusukuma maji kungekuwa hasara. Mmoja wao, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2012 kutoka pwani ya California, ana umbo la kinubi.

Na wapo wanaokula wafu. Chini ya barafu ya Bahari ya Aktiki, kwenye milima ya chini ya maji, watafiti walieleza mwaka 2022 kuhusu bustani kubwa za sifongo wanaojilisha mabaki ya minyoo iliyokufa maelfu ya miaka iliyopita, kwa msaada wa bakteria wanaoishi miilini mwao.

Hana ubongo. Je, anahisi chochote?

Anahisi, ila kwa mwendo wake. Hana hata seli moja ya neva, lakini maji yakimletea mchanga mwingi huweza kufunga vitundu na kujikunja. Mwaka 2022 watafiti walionyesha picha za sifongo wa Karibi aitwaye *Aplysina archeri* akifanya jambo linalofanana na kupiga chafya: hutoa ute kupitia vitundu vile vile vya kuingizia maji, ute ukatambaa kinyume cha mkondo ukiwa umebeba uchafu, kisha mwili ukajikaza na kuutupa nje. Mkazo mmoja huchukua muda wa dakika nyingi. Ute huo hautupwi bure, kwani samaki na viumbe wadogo huula.

Sifongo wa kioo wana njia nyingine. Mwili wao kwa sehemu kubwa ni tishu moja iliyoungana bila mipaka ya seli, na mwaka 1997 Sally Leys na George Mackie walithibitisha kwamba ishara ya umeme husafiri ndani yake na kusimamisha mijeledi yote. Halafu kuna jambo la jeni. Jenomu (jumla ya jeni zote) ya kwanza ya sifongo kusomwa, iliyochapishwa mwaka 2010, ilikuwa ya *Amphimedon queenslandica* wa Australia, na ndani yake zilikutwa jeni nyingi ambazo wanyama wenye neva huzitumia kujenga maungio ya neva. Vifaa vilikuwepo, vikifanya kazi nyingine.

Ni kweli ukimsaga sifongo anajiunda upya?

Kweli, kwa baadhi ya aina. Mwaka 1907 H. V. Wilson huko North Carolina alimkamua sifongo mwekundu kupitia kitambaa cha hariri chenye matundu madogo, hadi zikabaki seli zilizotawanyika majini. Seli hizo zilitambaa, zikashikana, zikafanya mabonge, na mabonge yakakua kuwa sifongo wadogo wenye mifereji na vyumba. Walioendeleza jaribio hilo walichanganya seli za aina mbili tofauti na kuona kila seli ikiwatafuta wa aina yake. Masomo yetu ya jinsi seli zinavyotambuana na kushikana yana deni kubwa kwa jaribio hilo.

Anazaaje?

Kwa njia mbili. Anaweza kuzaa bila mbegu: kipande kikikatika na dhoruba kikajishikiza mahali, kinakua. Anaweza pia kuzaa kwa mbegu, na aina nyingi zina jinsia zote mbili katika mwili mmoja ingawa kwa kawaida si kwa wakati mmoja. Mbegu za kiume hutokana na zile seli za kola na hutolewa kwa wingi hivi kwamba maji yaliyo juu yake huonekana kama yanafuka. Sifongo jirani huzivuta pamoja na chakula, lakini badala ya kuzimeng'enya, seli zake huzipeleka kwenye yai. Mabuu huogelea kwa saa au siku chache, kisha hutafuta mahali pa kukaa maisha yote.

Anaishi miaka mingapi?

Wengine mwaka mmoja tu. Wengine wanatupita mbali. Sifongo wa pipa wa Karibi, *Xestospongia muta*, amekadiriwa kufikia miaka 2,300, na ndugu yake *Xestospongia testudinaria* yupo kwenye miamba ya Tanzania. Anayeshinda wote ni *Monorhaphis chuni*, sifongo wa kioo wa kina kirefu anayejisimika kwenye tope kwa mwiba mmoja wa silika unaoweza kufikia mita 3. Alijulikana kwa sayansi kupitia msafara wa meli ya Ujerumani, Valdivia, uliopita Bahari ya Hindi mwaka 1898 na 1899. Mwiba wa mmoja aliyetolewa Bahari ya China Mashariki ulichunguzwa tabaka kwa tabaka, na umri wake ukakadiriwa kuwa miaka 11,000 hivi.

Wapo kwenye maji yasiyo na chumvi?

Wapo, na Afrika Mashariki ina wa kwake. Sifongo waliokusanywa Ziwa Tanganyika na J. E. S. Moore walielezwa kisayansi mwaka 1899, na mmoja akapewa jina lake. Ziwa Nyasa lina *Malawispongia echinoides*, aliyeelezwa mwaka 1972. Tukiyataja maziwa haya tunakimbilia samaki wake, na nadhani tunawaonea sifongo wake, ambao hukaa kwenye mawe yaleyale wanayochezea samaki hao.

Sifongo wengi wa maji baridi hutengeneza vidonge vigumu vyenye seli ndani, viitwavyo jemule. Kidimbwi kikikauka mzazi hufa, jemule hungoja. Maji yakirudi, seli hutoka na kujenga mwili mpya.

Ziwa Baikal la Urusi lina misitu ya sifongo wa kijani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 wamekuwa wakiugua na kufa kwa wingi, jambo la kusikitisha sana kwa ziwa la kale kama hilo.

Miamba ya matumbawe inamhitaji kwa nini?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi. Maji ya bahari ya joto karibu na matumbawe ni maangavu kwa sababu yana virutubisho kidogo, lakini mwamba wenyewe umejaa uhai. Darwin alilistaajabia jambo hilo. Sehemu kubwa ya chakula kinachozalishwa mwambani na matumbawe na mwani huvuja majini kikiwa kimeyeyuka, na samaki au kaa hawezi kula kitu kilichoyeyuka. Kingesombwa na mkondo kikaishia baharini mbali.

Mwaka 2013 Jasper de Goeij na wenzake, waliofanya kazi Curaçao, kisiwa cha Karibi, walionyesha kwamba sifongo wanaojificha kwenye mashimo na chini ya mawe hukinyonya chakula hicho kilichoyeyuka. Hawanenepi nacho. Seli zao za kola huzaliana kwa kasi ya ajabu, katika aina moja takriban kila saa 6, na seli kuukuu hutupwa nje. Seli hizo zilizotupwa ni chembe, na chembe zinaliwa na konokono, minyoo, kaa na wadogo wengine, nao wanaliwa na samaki. Hivyo kilichokuwa kinapotea kinarudi kwenye mnyororo wa chakula. Samaki anayefika sokoni Malindi au Feri huenda ana ndani yake kitu kilichopitia kwa sifongo ambaye hakuna mvuvi aliyemwona.

Kuna upande wa pili. Sifongo wa jamii ya *Cliona* hutoboa matumbawe na magamba ya chaza kwa kuyeyusha na kumega vipande vidogo. Mwamba wenye afya hujenga kuliko anavyobomoa, na vipande vyake huongeza mchanga. Matumbawe yakishadhoofika kwa joto au uchafu, mtoboaji huanza kushinda.

Nani anamla, na nani anaishi naye?

Ng'amba kwanza. Mwaka 1988 Anne Meylan alionyesha kwamba ng'amba wa Karibi hula karibu sifongo watupu, wakiwemo waliojaa miiba ya silika. Kobe huyu aliwindwa mno kwa ajili ya gamba lake, na anapopungua, sifongo fulani hukua bila kuzuiwa na kuyafunika matumbawe. Konokono wasio na gamba nao humla, na baadhi yao hujiwekea sumu zake kama kinga.

Wapangaji ni wengi. Kaa fulani hukata kipande cha sifongo hai na kukibeba mgongoni kujificha. Ndani ya sifongo mmoja wa kioo wa Bahari ya Pasifiki, aitwaye *Euplectella*, huingia uduvi wawili, dume na jike, wakiwa wadogo; wakikua hawawezi tena kutoka. Na huko Shark Bay, Australia Magharibi, tangu mwaka 1984 watu wamewaona pomboo wakivaa sifongo puani wanapochokora mchanga kutafuta samaki. Mama huwafundisha watoto, hasa wa kike. Hao ni pomboo wa aina ileile wanaoonekana Kizimkazi.

Sifongo wametupa dawa gani?

Mnyama asiyeweza kukimbia wala kuuma hujilinda kwa kemikali, na nyingi kati yake hutengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Werner Bergmann alieleza kemikali zisizo za kawaida kutoka kwa sifongo wa Florida. Kemikali hizo zilifungua njia ya kutengeneza sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, ambayo hadi leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Miongo kadhaa baadaye, sifongo wa Japani, *Halichondria okadai*, alitoa halikondrini, iliyokuwa chanzo cha eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa mwaka 2010. Dawa zote mbili sasa hutengenezwa maabara. Havunwi sifongo baharini kwa ajili yake.

Ni kweli sifongo ndiye mnyama wa kwanza kabisa?

Tawi lake ni miongoni mwa ya kale mno, lakini kama ndilo lililotangulia kuchipuka, wataalamu bado wanabishana. Kuanzia mwaka 2008 baadhi ya uchunguzi wa jeni umewatanguliza ktenofora, wanyama laini wanaong'aa wanaoelea baharini. Utafiti wa mwaka 2023 uliolinganisha mpangilio wa jeni kwenye kromosomu uliunga mkono ktenofora. Chambuzi nyingine zinawarudisha sifongo mbele. Ugumu unatokana na umri: matawi hayo yalitengana zamani mno, alama zake zimefifia.

Hoja ya zamani ya kuwapa sifongo nafasi hiyo bado ina uzito. Seli zao za kola zinafanana sana na viumbe wa seli moja waitwao koanoflajeleti, ambao jeni zao zinathibitisha kuwa ndio ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wote.

Kuhusu tarehe, ushahidi mmoja maarufu umetoka Oman. Mwaka 2009 Gordon Love na wenzake waliripoti mabaki ya mafuta ya aina inayotengenezwa na baadhi ya demosponji, ndani ya miamba ya chini ya ardhi kusini mwa Oman, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 635. Wapinzani wanasema viumbe wengine, kama mwani, wanaweza kuwa chanzo chake. Visukuku visivyo na ubishi vya miiba vinaanza baadaye, karibu na mwanzo wa kipindi cha Kambria, takriban miaka milioni 540 iliyopita. Mimi naona pengo hilo halishangazi: sifongo wa kwanza huenda hawakuwa na miiba, na mwili laini hauachi alama kirahisi.

Kumwita "duni" kwa sababu ya ukale wake ni kosa. Ameendelea kubadilika muda wote tuliobadilika sisi.

Dodoki la kuogea nalo ni sifongo?

Hapana. Dodoki ni tunda lililokauka la mmea wa jamii ya maboga. Sifongo nyingi za dukani zimetengenezwa kwa plastiki. Sifongo asilia ni mifupa ya sponjini iliyobaki baada ya mnyama kuoshwa, na biashara yake ilikuwa kubwa sana Ugiriki, hasa kisiwa cha Kalymnos. Vazi la kuzamia lenye kofia ya chuma lilipoingia huko katika karne ya 19, mavuno yalipanda, lakini wazamiaji wengi walipooza au kufa kwa sababu ya kupanda juu haraka kutoka kwenye kina.

Anaweza kufugwa?

Anaweza, na Jambiani, Unguja, wanawake wamekuwa wakimfuga. Vipande hufungwa kwenye kamba majini, husafishwa mara kwa mara ili mwani na viumbe wengine wasivifunike, na huvunwa baada ya takriban mwaka mmoja au zaidi. Halazimiki kulishwa wala kuwekewa dawa. Wakati wa kuvuna sehemu hubakizwa kuwa mbegu. Kilimo cha mwani, kilichoanza Zanzibar kibiashara mwaka 1989 na kuwapa wanawake wengi fedha zao wenyewe, kimeumizwa na maji kupata joto, kwa hiyo njia ya pili ya kipato baharini si jambo dogo kwao.

Bahari ikizidi joto, sifongo watasalimika?

Baadhi wanaonekana kuvumilia kuliko matumbawe. Lakini mwaka 2022 joto kali la bahari liliwapausha mamilioni ya sifongo huko Fiordland, New Zealand, na Mediterania imeshapoteza sifongo wengi kwa joto na maradhi. Nyavu za kukokota ni tishio jingine: miamba ya sifongo wa kioo ya Canada, iliyogunduliwa mwaka 1987 na yenye umri wa miaka 9,000 hivi, ilivunjwavunjwa na nyavu kabla ya serikali kuihifadhi rasmi mwaka 2017.

Nikimkuta ufukweni nifanye nini?

Mtazame bila kumshika kwa mkono mtupu, kwani miiba na kemikali za baadhi ya aina huwasha na kuvimbisha ngozi. Ikitokea, bandika plasta ya kunata na kuivuta ili itoe miiba, loweka sehemu hiyo kwenye siki, na uvimbe ukiendelea nenda kituo cha afya. Usimtoe majini, maana hewa ikiingia kwenye mifereji ya wengi wao maji hayapiti tena na mnyama hufa. Ukiinua jiwe kutafuta pweza, lirudishe upande uleule: sifongo wa chini ya jiwe wamezoea kivuli, na jua la mchana mmoja linaweza kuwaua.